Nguzo ya Tisa

Kumi zilikuwa zimesimama, moja imekatika. Inspekta Prudencia alizihesabu kwa tochi kuanzia mdomo wa mgodi mpaka pale mwamba ulipoporomoka, akarudi akazihesabu tena, kwa sababu jalada alilokabidhiwa Mwanza lilidai mtuhumiwa aling'oa nguzo kwa makusudi ya kuua. Nguzo iliyong'olewa hakuiona.

"Mihayo, mulika hapa chini."

Koplo Mihayo alikuja ameinama, kofia ngumu ikigonga mwamba kila hatua ya pili, naye akiilaani kila ikigonga. Alikuwa mtu wa Magu, miaka hamsini kasoro miwili, mpelelezi hodari ambaye vyeo vilimkimbia kwa sababu ya mdomo wake.

"Kitako kipo kwenye shimo lake, hakijasogea," Prudencia alisema. "Nusu ya juu hiyo hapo kwenye kifusi. Imekatika katikati. Wewe ukitaka kung'oa nguzo, unapiga wapi?"

"Chini, afande. Unagonga kitako na nyundo mpaka kiteleze, halafu unakimbia kuliko sungura."

"Kuna alama ya nyundo?"

Mihayo alipiga goti, akapitisha kiganja kuzunguka mti. "Hakuna. Wala panga, wala msumeno. Labda aliisukuma kwa bega, kama Samsoni."

"Samsoni alikufa na nguzo zake. Huyu wetu yuko mahabusu."

"Na kesho asubuhi anasomewa mashtaka ya mauaji," Mihayo alisema, safari hii bila utani. "Huko hakuna dhamana, afande. Mtu anaweza kukaa rumande mpaka watoto wake wakamsahau sura."

Ndiyo maana walikuwa wamevuka daraja la Kigongo alfajiri ile, wakapita Sengerema hata chai hawajanywa. Jumatatu, Mzee Kashindye, mlinzi wa mgodi wa Mwabasenga, aliingia humu asubuhi kama kawaida yake, na mwamba ukamwangukia akiwa amekaa kwenye kigoda. Jumapili jioni alikuwa ameonekana akigombana na Alexander, kiongozi wa wachimbaji wadogo, hapohapo mlangoni. Jumatatu mchana Alexander akakamatwa. Leo ilikuwa Jumatano. Kesi nyepesi kama hizo humpendeza kila mtu isipokuwa aliyefungiwa.

Na sababu ya kuua ilikuwepo, tena ya kutosha. Mgodi huu kampuni ya wazungu iliuacha miaka michache baada ya Uhuru. Miaka thelathini Mzee Kashindye aliulinda bila kutumwa na mtu, akiwafukuza wachimbaji kwa fimbo na matusi, kwa sababu ukutani mwake kulikuwa na mwamba wenye umri wa miaka zaidi ya bilioni mbili na nusu, mshipa mweupe umejikunjakunja ndani ya jiwe jeusi kama blanketi la mtu aliyelala vibaya. Binti yake, Rebeka, akasomea jiolojia, akarudi, akaandika barua hadi vidole vikaota sugu. Sasa serikali ilikuwa imekubali kutuma kamati ije kuukagua, utangazwe urithi, usiguswe tena na sururu ya mtu. Wachimbaji wa Alexander walikuwa wameapa hilo halitatokea.

Prudencia aliinua tochi juu. Kwenye nguzo ya nane, kichwa cha mti kiligusa mwamba moja kwa moja, jiwe kwa mti, bila kitu katikati. Pembeni pake, juu ya mwamba, palikuwa na alama ya mraba, nyeupe, safi kuliko jiwe la jirani. Akaangalia ya saba. Alama ileile. Ya sita, ileile.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema. "Kimekaa miaka mingi, halafu kimeondolewa. Ichore kwenye ramani ya tukio."

"Kitu gani?"

"Ningekijua ningekuwa nimeshaenda kunywa chai."

*

Mama Kija, shahidi aliyeona ugomvi, walimkuta shambani kwake, kwenye njia ya mgodi, anamenya mihogo chini ya kibanda cha majani ya migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, ingawa mmenikuta na msiba moyoni."

Alirudia aliyokuwa ameandikisha: alimwona Alexander, alisikia kelele, maneno hakuyashika maana yuko mbali na sikio moja halimfai. Mzee ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Mwanza siku hiyo, alikolazwa siku nane kutolewa mtoto wa jicho. Bandeji jicho hili, na lile jingine lenyewe lilikuwa la kubahatisha.

"Na bandeji yake hiyo akaingia mgodini?" Prudencia aliuliza.

"Mama yangu! Ungemzuia? Humo alikuwa anatembea kwa fimbo tu, angeweza kuingia hata amelala. Kila asubuhi lazima akasikilize nguzo zake."

"Asikilize?"

"Anaweka kigoda pale kwenye ya tisa, anatega sikio. Ya tisa aliiita mmbea. Ati mgodi wote una siri, lakini ile haina kifua, inasema kila kitu." Mama Kija alicheka, akakumbuka, akajifuta macho kwa upande wa kanga. "Akitoka namwuliza, 'Mmbea kasema nini leo?' Ananijibu, 'Kanyamaza, mgodi umelala salama.' Siku moja alitoka mbio, akakaa nje wiki nzima, akaanza kuikatia miti mingine. Alisema imelia."

Mihayo aliacha kuandika. "Mti unalia, mama?"

"Mimi nitajuaje, baba? Mimi mwanamke, mle sijawahi kutia mguu. Ati tukiingia dhahabu inakimbia." Akakata muhogo vipande viwili kwa pigo moja la kisu. "Basi na ikimbie, tuone itaenda wapi."

*

Alexander aliletwa kwenye chumba cha maelezo, peku. Kituo cha kata kilikuwa kidogo kiasi kwamba mezani palikuwa na nafasi ya karatasi au viwiko, si vyote. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano, mabega mapana, kucha zimeingia vumbi la mawe ambalo halitoki hata kwa brashi. Siku mbili hakuwa amesema lolote zaidi ya "Sikuua."

Prudencia hakumwuliza kuhusu ugomvi. Alichora nguzo kwenye karatasi, akachora mwamba juu yake, akaacha nafasi ndogo katikati, akamsogezea kalamu.

"Hapa panawekwa nini?"

Alexander aliutazama mchoro, kisha akamtazama yeye. Hakugusa kalamu.

"Afande, umeingia mle?"

"Nimeingia."

"Kibao," alisema taratibu. "Panawekwa kibao. Mti laini, mkavu, ukubwa wa kiganja. Mwamba ukishuka hata unene wa ukucha, kibao ndiyo kinaanza kubanwa, nacho kinalia. Kwii, kwii. Ukikisikia unatoka, hata kama dhahabu iko mkononi unaitupa. Nguzo ni ya kubeba, kibao ni cha kusema."

"Na nguzo isiyo na kibao?"

"Inabeba. Inabeba, inabeba, imenyamaza. Siku ikichoka, pa! Hasa mti mbichi wa mrunda. Unapasuka kwa ndani ukikauka, nje unauona mzima."

Prudencia aliirudisha kalamu upande wake. Alikuwa kama mtu anayesoma barua na kujua mwisho wake kabla hajaufikia.

"Mrunda mbichi? Kwa hiyo nguzo za mle ni mpya. Wewe ulijuaje?"

"Jumamosi ya juzi lori lilishusha mirunda pale mgodini, na mafundi wa mjini, wale wanaoshikilia zege la maghorofa. Zege likikauka linajishika lenyewe, wanaondoa miti yao, wanaenda. Mwamba haukauki, afande. Nilipoona wanatoka na miti ya zamani mabegani, nikajua vibao navyo vimetoka. Nikamngoja mzee arudi. Jumapili nilimfuata, nikamwambia, 'Mzee, usiingie, nguzo zimebadilishwa.' Akasema nimtafutie mjinga mwingine, mimi nataka akae nje ili nikaibe. Nikapandisha sauti. Naye akapandisha. Akanifukuza kwa fimbo."

"Siku mbili uko hapa! Kwa nini hukuyasema haya?" Mihayo alifoka, na ilikuwa wazi hasira yenyewe haimhusu Alexander.

Alexander aliinamisha kichwa. "Ningesemaje? Niseme binti, aliyeileta ile mirunda, ndiye aliyemuua baba yake, na baba hata hajazikwa? Kwetu mfiwa haguswi mpaka matanga yaishe. Nilijua tu mtakwenda kuiangalia ile nguzo. Nguzo haina miguu, haitakimbia."

"Kesho ungesomewa mauaji, wewe mwanamume."

"Ng'ombe wa maskini hazai," alisema Alexander. "Nimezoea."

Prudencia alikusanya karatasi. Alikuwa amefika mlangoni aliposimama. "Hii kazi ya vibao, nani alikufundisha?"

"Yeye mwenyewe," Alexander alijibu. "Mzee Kashindye."

*

Rebeka aliwapokea kwenye jengo la zamani la ofisi ya kampuni, ambalo alikuwa analigeuza kuwa nyumba ya kumbukumbu. Alivaa gauni jeusi, kitenge kichwani, macho makavu. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba hajalia tangu Jumatatu. Waliokuwa hawampendi walilisema hilo kwa sauti.

"Mmekuja kuniambia amekiri?" aliuliza.

"Tumekuja kuona nguzo za zamani, dada Rebeka," Prudencia alisema.

Uso wake ulilegea kidogo. Aliwaongoza hadi stoo, akafunua turubai. Miti kumi na moja ililala juu ya magodoro ya sponji, kila mmoja na karatasi yake yenye namba. Ilikuwa imechongwa majina kwa ncha ya kisu, ya watu waliochimba humo miaka ya hamsini.

"Huyu hapa babu yangu," alisema, akazipitishia herufi kidole bila kuzigusa. "Mchwa walishaanza kuila. Kamati ikija, watu wakianza kuingia na kugusagusa, majina yangefutika. Nikasema hapana. Hii ni mali ya dunia. Nikaleta miti mipya, imara, nikasimamia mwenyewe kila mmoja uingie kwenye shimo lake lilelile. Baba alikuwa hospitali. Nilitaka bandeji ikitolewa, kitu cha kwanza atakachoona kiwe jina la baba yake limehifadhiwa."

"Hakujua?"

"Ilikuwa zawadi. Zawadi mtu hatangaziwi." Sauti yake ikakaza. "Ndiyo maana nasema, zile nguzo haziwezi kuanguka zenyewe. Nilizikagua. Alexander aliivunja ya tisa kwa sababu ndiyo iko kwenye mshipa. Nataka anyongwe. Mniandike hivyo hivyo."

Kuna nyakati Prudencia aliichukia kazi hii kwa moyo wake wote, na hii ilikuwa mojawapo. Angetoa mshahara wa miezi mitatu mtu mwingine aulize swali lililofuata.

"Juu ya nguzo hizi palikuwa na vipande vya mbao. Viko wapi?"

"Vile vilivyooza?" Rebeka alionyesha ndoo pembeni ya mlango. "Vilishapondeka. Mafundi walitaka kuvichoma, nikasema vikae kwanza."

Prudencia aliinama, akapekua, akapata kilichoandikwa "9" kwa mkaa. Kilikuwa kimebanwa hadi upande mmoja ukawa mwembamba kama biskuti. Kwenye ubavu wake palikuwa na mistari ya kisu, mmoja chini ya mwingine, na kando ya kila mstari mwaka umeandikwa kwa penseli. Alikigeuzia dirishani, kisha akampa Rebeka.

"Huu mwandiko unaujua?"

Rebeka alisoma. Alisoma tena. "Ni wa baba."

"Alikuwa anapima. Kila mwamba uliposhuka, kibao kilibanwa, akakata mstari. Angalia mwaka huu. Mistari mitatu, na hata mwaka haujafika nusu. Mwamba ulikuwa unashuka haraka, naye alijua. Hiki ndicho alichokuwa anakisikiliza kila asubuhi. Kikilia, anatoka. Kikinyamaza, anakaa."

Nje jogoo wa mtu aliwika, akapuuzwa.

"Hakuna aliyeivunja nguzo ya tisa," Prudencia alisema. Aliona bora ayamalize yote kwa mara moja kuliko kuyakata vipande. "Kitako kipo kwenye shimo lake, hakina alama ya chuma popote. Mrunda ulibeba mpaka ukashindwa, na haukuwa na kibao cha kulia. Jumatatu baba yako alikaa pale akasikia kimya. Kwa kimya kile akajua yuko salama. Alexander alikuja Jumapili kumwambia asiingie. Hicho ndicho walichogombania. Pole, dada. Pole sana."

Rebeka alikaa chini palepale sakafuni, kibao mkononi.

"Miaka minne chuoni," alisema baadaye. "Umri wa mwamba, jina la kila jiwe. Hakuna aliyenifundisha kibao." Halafu akainua uso, na Mihayo, ambaye alikuwa amekwisha kuona maiti za kila namna, aligeukia ukuta. "Baba hakuniingiza mgodini hata siku moja mpaka nilipopata digrii. Mtoto wa kike haingii. Nilipoingia mara ya kwanza nilikuwa na cheti, nikaona nimeshajua."

"Hukukusudia," Prudencia alisema.

"Andika ni mimi."

"Nitaandika yaliyotokea. Mwendesha mashtaka ataamua kama ni uzembe au ni ajali. Nitakuonya kwanza, kwa utaratibu, kisha utatoa maelezo yako. Leo utarudi nyumbani kwa dhamana umzike baba yako."

"Andika ni mimi," Rebeka alirudia, "na yule mtu atoke sasa hivi. Si kesho."

*

Simu zilipigwa Mwanza, zikapigwa Sengerema, mkubwa mmoja akauliza mara tatu kama Inspekta ana hakika, na Prudencia akamsomea ramani ya tukio, kitako, alama za mraba, namba ya kibao, mpaka mkubwa akachoka. Saa tisa alasiri Alexander alitoka mahabusu. Viatu vyake havikuonekana. Askari wa zamu alikuwa anapekua kabati huku anaomba radhi, na Alexander akasema basi, vitaonekana tu.

Rebeka alikuwa amesimama uani, karibu na gari la polisi. Alikuwa amesaini karatasi zake. Mtu angemwambia aondoke angeweza kuondoka, lakini hakuondoka.

Alexander alipomwona alisita, kisha akamwendea. "Pole na msiba, dada."

"Nilisema unyongwe."

"Niliambiwa."

"Nimewaambia na kijiji kizima."

"Hilo nalo nililisikia. Dirisha la mahabusu liko barabarani."

Mihayo alitaka kusema kitu, Prudencia akamkanyaga mguu.

"Mazishi ni kesho saa nane," Rebeka alisema. "Kaburi halijaanza. Vijana wako wamegoma, wamesema hawatamchimbia mzee kaburi wakati wewe uko ndani. Sikulaumu. Wala wao. Alikufundisha wewe. Kwa nini alikufundisha wewe, halafu akakufukuza?"

"Alinifukuza kwa sababu nilianza kuchimba nguzo za mwamba zilizoachwa na wazungu kushikilia paa. Nilikuwa na njaa na ujinga. Angenipeleka polisi, hakunipeleka." Alexander alitazama mikono yake. "Alinifundisha nikiwa na miaka kumi na miwili. Wewe ulikuwa unakuja saa saba na bakuli la ugali, umefunga kitambaa chekundu. Unakaa kwenye jiwe pale nje unatungoja."

"Nakumbuka jiwe."

"Kila tulipotoka ulikuwa unauliza swali lilelile. 'Baba, mmefanya nini mle ndani?' Kila siku, hukuchoka. Mimi nilikuwa natamani kukwambia. Naye alikuwa anakushika kichwa, anasema, 'Hakuna kitu, mama. Mawe tu.'"

Rebeka alifungua mdomo kumjibu. Badala ya jibu kilitoka kilio, kikubwa, cha kutoka tumboni, cha siku tatu nzima, mpaka askari wa zamu akaja mlangoni na kiatu kimoja mkononi kuona kuna nini. Prudencia alimshika mabega. Hakumwambia anyamaze.

Alexander alisimama pale kidogo, hajui aweke wapi mikono. Kisha akaenda peku mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, akaomba jembe na sururu.